Mazoezi ya Kusoma na Kuandika Kiingereza kwa Ajili ya Mitihani katika Kilwa na Pwani ya Lindi

1. Maelezo ya Awali

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi wanafunzi wa shule za sekondari katika Kilwa na pwani ya Lindi wanavyojizoeza kusoma na kuandika Kiingereza kwa ajili ya mitihani ya taifa, na kuonyesha sababu zinazofanya mazoezi hayo aghalabu yasizae matunda yanayolingana na jasho linalotoka. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la walimu wa Kiingereza peke yao. Kiini chake, hata hivyo, kimo katika Kiswahili, na kwa hiyo lawahusu wataalamu wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hoja itakayoelezwa ni moja. Mtihani wa Kiingereza kwa sura yake hupima lugha; kwa undani hupima pia stadi ambazo si mali ya lugha moja: kuchambua habari na kupata kiini chake, kuifupisha pasipo kuiharibu, kupanga fikira kwa taratibu, na kumwandikia msomaji asiyekuwapo. Stadi hizi mtoto wa pwani ya kusini anazo, au angeweza kuzipata upesi, katika lugha anayoijua. Desturi ya mazoezi iliyoenea humtaka aziache mlangoni, aanze upya mikono mitupu. Matokeo yake ni kwamba mahali pa kusoma hushikwa na kukariri, na mahali pa kuandika hushikwa na kunakili.

2. Mahali na Lugha Zake

Pwani inayozungumzwa hapa yaanzia Somanga, kaskazini ya Kilwa Kivinje, ikashuka hadi Kilwa Masoko pamoja na visiwa vya Songo Songo, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisha ikaendelea kusini hadi Mchinga, Lindi mjini na Mingoyo. Kiswahili cha asili cha sehemu hizi wanazuoni wa lahaja wamekiita Kimgao. Pamoja nacho husemwa Kimatumbi katika vilima vya Kipatimu, Kingindo upande wa bara, Kimachinga baina ya Kilwa na Lindi, na Kimwera na Kimakonde upande wa Lindi yenyewe. Baadhi ya lugha hizi zimeandikiwa vitabu vya sarufi vyenye sifa: Lyndon Harries aliieleza sarufi ya Kimwera katika kitabu cha mwaka 1950, na David Odden akaeleza matamshi na maumbo ya Kimatumbi katika kitabu cha mwaka 1996.

Tofauti baina ya lugha hizi si ndogo. Kimatumbi, mathalan, kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Mtoto wa Kipatimu aliyekulia katika Kimatumbi huwa amekwisha kuvuka daraja moja alipoingia shule ya msingi, na Kidato cha Kwanza humkuta akitakiwa kuvuka la pili. Mtoto wa Kilwa Kivinje ana daraja moja tu la kuvuka. Kila asemapo mtu neno "Kiswahili" kana kwamba ni kitu kimoja kwa watoto wote wa darasa, yafaa tofauti hii ikumbukwe.

Haifai vilevile kudhani kwamba watu wa pwani hii ni wageni wa kalamu. Tarikh ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu, na Mreno João de Barros aliitumia tarikh ya wafalme wa Kilwa katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Barua zinazotajwa kuwa za kale kuliko zote za Kiswahili zilizosalia ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Nazo zimehifadhiwa Goa, katika Uhindi. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, ulitolewa mwaka 1957 kuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Basi mwanafunzi wa Kilwa anapoambiwa aandike barua katika mtihani, haambiwi jambo ambalo halijapata kutendwa kwao. Kilicho kigeni ni lugha ya barua na taratibu zake, wala si barua.

3. Mtihani na Uzito Wake

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikawa somo mojawapo. Mtoto avukapo kizingiti cha Kidato cha Kwanza mambo hupinduka: lugha iliyokuwa somo hugeuka kuwa chombo cha masomo. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini mabadiliko hayo ya mamlaka hayakuigusa lugha ya mtihani wa sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliochunguza ufundishaji wa Kiingereza nchini, waliona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo mengine. Walakini wakashauri lugha hiyo iendelee kutumika na ufundishaji wake uimarishwe. Mashauri hayo yalizaa mradi uliosaidiwa na Uingereza, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 ulianza kuzipatia shule vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu.

Mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne kwa miaka mingi umekuwa na sehemu zinazojulikana: ufahamu na ufupisho, matumizi ya lugha, utungaji wa barua na insha, na maswali juu ya vitabu vya fasihi. Kabla yake upo upimaji wa Kidato cha Pili, ambao asiyefikia kiwango chake kwa kawaida hurudia darasa. Lakini uzito wa jambo hauonekani mtu akiutazama mtihani wa Kiingereza peke yake. Ukiondoa Kiswahili na masomo machache mengine, kila karatasi anayoletewa mtahiniwa imeandikwa kwa Kiingereza na yahitaji majibu ya Kiingereza. Swali la baiolojia juu ya usagaji wa chakula ni zoezi la ufahamu kabla halijawa swali la baiolojia. Swali la historia linalosema "jadili" ni zoezi la insha. Kwa hiyo upungufu wa kusoma na kuandika Kiingereza hauhesabiwi mara moja. Huhesabiwa mara saba au nane, katika kila somo, na mwishowe hutokea katika cheti kana kwamba ni upungufu wa akili katika masomo yote hayo.

Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi nzima: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, kabla matokeo hayo hayajapangwa upya baadaye mwaka huohuo. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kuitwika lugha mzigo wote. Hata hivyo, hakuna maelezo ya matokeo kama hayo yatakayotimia pasipo kuuliza ni wangapi walioelewa walichoulizwa.

4. Maana za Neno Kusoma

Ili kufahamu jinsi mwanafunzi wa pwani anavyosoma Kiingereza, yapasa kwanza kulitazama neno lenyewe la kusoma. Katika Kiswahili neno hili lina maana zaidi ya moja, na kila maana ina desturi yake. Maana ya kwanza ni kutamka kwa sauti maandishi yaliyo mbele ya macho. Katika chuo cha Kurani mtoto husoma kwa maana hii: matamshi yawe sahihi, irabu zipewe haki yake, na aya zihifadhiwe moyoni. Kuelewa maana ya kila neno huja baadaye, kwa mwenye kuendelea. Kwa makusudio yake desturi hii ni timilifu, na imehifadhi elimu karne nyingi. Maana ya pili ni kuhudhuria shule. Asemapo mtu, "Mwanangu anasoma Lindi," hasemi habari za kitabu. Hapo ndipo penye asili ya sentensi ya Kiingereza "I am reading at Lindi," ambayo mwalimu huisahihisha kila mwaka. Maana ya tatu ni kutafuta maana katika maandishi, kimya kimya, na kuyapima. Maana hii ina maneno yake mengine pia, kama kudurusu.

Mtihani wa ufahamu wahitaji maana ya tatu. Mazoezi ya darasani mara nyingi hubaki katika ya kwanza. Mwalimu husoma kifungu, darasa humfuatisha kwa sauti moja, kisha maswali huandikwa ubaoni. Mwanafunzi hulitafuta neno la swali ndani ya kifungu, na alipatapo huinakili sentensi nzima iliyolibeba. Mbinu hii hufaulu maadamu swali limerudia maneno ya kifungu. Siku muulizaji atakapouliza kwa maneno mengine, au atakapouliza kwa nini, mbinu huvunjika, na mwenye kuitumia hajui kwamba alikuwa hajasoma.

Lakini ipo desturi nyingine ya pwani ambayo haijatiwa maanani. Katika darsa za msikitini mwalimu husoma kipande cha kitabu cha Kiarabu, husimama, hukifasiri kwa Kiswahili, hueleza makusudio ya neno hili na lile, hupokea maswali, ndipo huendelea na kipande kinachofuata. Hii ni njia ya kusoma kwa lugha mbili: maandishi katika lugha moja, ufahamu katika nyingine, na msomaji akipita baina ya hizo pasipo aibu. Hakuna aliyepata kudai kwamba Kiswahili cha darsa kinakiharibu Kiarabu cha kitabu. Ajabu ni kwamba njia iliyokubaliwa kwa Kiarabu karne nyingi huonekana kuwa kosa itumiwapo kwa Kiingereza, na shule zimezoea kutundika vibao vya kuwataka wanafunzi waseme Kiingereza tu.

5. Mfano wa Bamvua

Hasara ya kukataza njia hiyo yaonekana vizuri katika somo la jiografia. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kuna "spring tide" na "neap tide". Hupewa maelezo ya kila moja kwa Kiingereza, naye huyakariri: ya kwanza hutokea wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vikivuta bahari kwa pamoja, ya pili hutokea mwezi ukiwa nusu. Kwa kuwa "spring" amefundishwa kuwa ni jina la majira ya mwaka, na pia la chemchemi, huenda akaandika kwamba maji hayo hujaa katika majira ya machipuko, au kwamba hutoka ardhini.

Mtoto huyo huyo, akiwa wa Songo Mnara au Kilwa Kisiwani, amejua bamvua na maji mafu tangu utoto. Anajua ni siku gani za mwezi maji hupwa mbali hata wanawake wakaenda kuokota chaza na pweza miambani, na ni siku gani kutoka kwao hakuna faida. Anajua kwamba bamvua hujaa sana na pia hupwa sana, jambo ambalo wanafunzi wa bara huliona gumu. Kwa neno moja, "spring tide ni bamvua," elimu yote hiyo ingefunguka na kuingia darasani. Neno hilo lisiposemwa, mtoto huwa na elimu mbili zisizojuana: moja ya baharini, iliyo hai, na moja ya daftarini, iliyokaririwa na itakayosahauliwa. Mtihani huipima ya pili tu.

Mifano ya namna hii ni mingi. Kusi na kaskazi ni sura nzima ya hali ya hewa. Mikoko ni sura nzima ya mimea ya pwani. Ukaushaji wa papa kwa chumvi ni somo la baiolojia na kemia pamoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ni somo la historia lililo mbele ya macho. Katika kila moja Kiswahili kina maneno yaliyopevuka, na kila neno lililoachwa nje ni daraja lililovunjwa.

6. Makosa Yenye Asili

Ukiyatazama makosa ya wanafunzi katika kuandika utaona kwamba mengi hayakuzaliwa na uzembe. Yana asili katika sarufi ya Kiswahili, nayo hufuata kanuni. Aina zilizo mashuhuri ni hizi.

Kwanza, kiambishi cha mtendaji. Katika Kiswahili sentensi "Mwalimu alitwambia" ina mwalimu mara mbili: katika jina na katika a- ya kitenzi. Mwanafunzi huandika "The teacher he told us," akihesabu kwamba kitenzi hakisimami bila kiambishi. Tena a- haina jinsia. Kwa hiyo "My mother he is sick" si ujinga wa kutomjua mama, ni uaminifu kwa Kiswahili.

Pili, kiambishi cha mtendwa katika sentensi za -o- ya rejeshi. "Kitabu nilichokisoma" huzaa "The book which I read it." Lile "it" ni -ki- ya Kiswahili iliyovaa nguo za kigeni.

Tatu, wakati wa -me-. Kiambishi hiki hueleza tendo lililotimia, na pia hueleza hali iliyobaki baada ya tendo. "Mtoto amelala" ni habari ya hali ya sasa. Mwanafunzi huandika "The child has slept," na msomaji wa Kiingereza huelewa kwamba usingizi umekwisha. Hali kadhalika "Amevaa kanzu" huwa "He has worn a kanzu." Tena, kwa kuwa watu husema "Amefika jana," mwanafunzi haoni kosa katika "He has arrived yesterday."

Nne, mahali. Kiambishi -ni hutumika katika "Yupo shambani," "Anakwenda shambani" na "Anatoka shambani" pasipo kubadilika, kwa sababu kazi ya kuonyesha mwelekeo imepewa kitenzi. Kiingereza kimeigawia kazi hiyo vineno vidogo vinavyotangulia jina. Mwanafunzi, akijua tayari kwamba kitenzi kimemaliza kazi, huviona vineno hivyo kuwa mapambo, akachukua chochote kilicho karibu.

Tano, vineno "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina mfano wake. Hapa hakuna asili ya kuhamisha, kuna pengo. Na pengo hujazwa kwa kubahatisha.

Kwa wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani haitofautishi l na r huongezeka makosa ya tahajia, nayo huonekana katika Kiswahili chao pia. Mwalimu mwenye kujua asili hizi huweza kusahihisha aina nzima ya kosa kwa maelezo ya dakika tano. Asiyezijua huzungushia wino mwekundu kosa moja moja, daftari baada ya daftari, na mwaka ufuatao huyakuta yaleyale.

7. Barua na Insha

Katika utungaji tofauti kubwa ni ya taratibu kuliko ya sarufi. Barua ya Kiswahili yenye adabu huanza na salamu, huuliza hali, hueleza hali ya mwandishi na ya walio pamoja naye, humshukuru Mungu, ndipo huja yale maneno "ama baada ya salamu" na haja yenyewe. Kuanza na haja ni utovu wa adabu. Mwanafunzi aambiwapo amwandikie mkuu wa ofisi kuomba kazi kwa Kiingereza, hujaza mistari minne kwa kumtakia afya, na alama zake hupungua. Mwalimu huifuta mistari hiyo na kusema kwamba Waingereza hawataki salamu.

Maelezo hayo hayatoshi, na humwachia mtoto fikira kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na adabu. Iliyo kweli ni kwamba adabu imehamishiwa mahali pengine. Kiswahili huiweka katika mlango wa barua. Barua rasmi ya Kiingereza huiweka katika kitenzi: "I would be grateful if" na maneno ya jinsi hiyo hubeba unyenyekevu ule ule. Mwanafunzi akiisha kuambiwa hivyo hana cha kutupa. Ana cha kuhamisha. Naye ataelewa kwa nini "I want a job" ni kosa zito hata ingawa sarufi yake ni safi.

Kwa upande wa insha, ugonjwa ulioenea ni insha zilizokaririwa. Mwanafunzi huhifadhi insha tatu au nne za mfano, juu ya shule yake, safari yake au faida za elimu, na siku ya mtihani huilazimisha mojawapo iingie katika swali. Tena mada zenyewe mara nyingi ni ngeni. Mtoto ambaye hajapata kuuona uwanja wa ndege huandika juu ya uwanja wa ndege, ilhali mnada wa korosho, safari ya jahazi au mavuno ya ufuta hayaguswi. Katika fasihi hali ni hiyo hiyo. Vitabu kama "Hawa the Bus Driver" cha Richard Mabala, kilichoandikwa kwa Kiingereza chepesi juu ya maisha ya Tanzania, vyaweza kusomwa na kufurahiwa. Lakini nakala zikiwa chache kuliko wanafunzi, kinachosomwa huwa muhtasari ulioandikwa ubaoni. Mwanafunzi hutaja sifa za mhusika ambaye hajapata kukutana naye.

8. Mfano wa Uchina

Tatizo la kukariri kwa ajili ya mtihani halikuanzia Lindi. Katika Uchina, ambako mtihani wa kuingia chuo kikuu uitwao gaokao ulirudishwa mwaka 1977, Kiingereza katika mikoa mingi hupewa alama 150 kati ya 750, na wanafunzi huhifadhi orodha ndefu za maneno na insha za mfano. Huko ilitafutwa njia ya kuukata mzizi huo. Katika mtihani wa mkoa wa Zhejiang mwaka 2016 liliingizwa zoezi jipya, ambalo baadaye lilienea katika mikoa mingine: mtahiniwa hupewa hadithi isiyokamilika, huisoma, kisha huiendeleza kwa aya mbili ambazo sentensi zake za kwanza amekwisha kupewa.

Faida ya zoezi hili ni kwamba kusoma na kuandika vimefungwa kamba moja. Asiyeielewa hadithi hawezi kuiendeleza. Aliyekuja na insha ya kukariri hana mahali pa kuiweka. Na aliyesoma kwa makini huyaazima maneno na maumbo ya sentensi yaliyomo katika hadithi, akayatumia kwa haja yake mwenyewe. Ni mtindo unaoelekea sana na desturi ya masimulizi ya pwani, ambako msimulizi hukatiza ngano na wasikilizaji wakaulizana mwisho wake.

Lakini yapo yasiyolingana, nayo yasipotajwa mfano utapotosha. Mtoto wa Uchina hujifunza hisabati, fizikia na historia kwa Kichina. Akishindwa Kiingereza hupoteza alama za Kiingereza tu. Mtoto wa Kilwa akishindwa Kiingereza hupoteza pia fizikia aliyoielewa na jiografia aliyoiishi. Kwa hiyo haja ya mazoezi mema ni kubwa zaidi Kilwa kuliko Zhejiang, ingawa nafasi na vitabu ni vichache zaidi.

9. Mazoezi Yafaayo

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, yaweza kupangwa mazoezi manne yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kusoma kwa njia ya darsa. Wanafunzi husoma aya moja ya Kiingereza kimya kimya; mmoja huieleza kwa Kiswahili kwa maneno yake; wengine humsahihisha wakirejea maandishi; ndipo maswali huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Kiswahili hapa ni kipimo cha ufahamu, na huonyesha mara moja aliyenakili na aliyeelewa.

La pili ni ufupisho wa hatua mbili. Habari hufupishwa kwanza kwa Kiswahili. Stadi ya kutenga la msingi na la ziada ikiisha kukomaa huko, ufupisho huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hupambana na lugha peke yake badala ya kupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja.

La tatu ni barua mbili za haja moja: moja ya Kiswahili kwa mjomba, moja ya Kiingereza kwa ofisi. Zikiwekwa bega kwa bega, mwanafunzi huona kwa macho yake adabu ilipohamia.

La nne ni kuendeleza hadithi kwa namna iliyoelezwa juu ya Uchina, kwa kutumia hadithi zenye mazingira ya pwani. Darasa likiwa kubwa hata mwalimu asiweze kusahihisha kila daftari, wanafunzi husomeana, na mwalimu huchagua aina moja ya kosa kila juma akaieleza asili yake.

Pingamizi lililo mashuhuri ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, basi kila dakika ya Kiswahili ni dakika iliyoibwa. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama dakika zinazobaki zingetumika kwa Kiingereza chenye maana. Dakika ya kunakili sentensi isiyoeleweka ni Kiingereza kwa sura tu. Katika miaka ya 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Bristol pamoja na wenzao wa vyuo vya Tanzania walitengeneza vitabu vya Kidato cha Kwanza vya baiolojia, hisabati na Kiingereza vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupewa msaada wa maneno ya Kiswahili. Vitabu hivyo vilijengwa juu ya fikira hii hii: kwamba lugha inayojulikana ni ngazi ya kuifikia isiyojulikana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Si kila mwanafunzi wa mkoa wa Lindi ana Kiswahili cha Kilwa Kivinje, na si kila mwalimu aliyepangiwa kazi huko anajua Kimwera au Kimatumbi, wala neno bamvua. Ni kweli. Hapa ndipo ilipo kazi ya wataalamu wa Kiswahili: kukusanya msamiati wa bahari, wa kilimo na wa ufundi wa pwani ya kusini, kuulinganisha na istilahi za vitabu vya shule, na kuwapa walimu orodha fupi zilizopangwa kwa masomo. Orodha ya maneno mia mbili ya jiografia na baiolojia, yakiwa na visawe vyake vya Kimgao na vya Kiswahili sanifu, ingekuwa na faida kubwa kuliko vibao vyote vya kukataza lugha.

10. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mazoezi ya Kiingereza kwa ajili ya mitihani katika Kilwa na pwani ya Lindi hupungukiwa kwa kuwa yametengwa na lugha ambayo mwanafunzi huifikiria. Makosa yake yana kanuni, na kanuni hizo zimo katika sarufi ya Kiswahili. Adabu ya barua zake ina historia, na elimu yake ya bahari ina istilahi. Mabishano juu ya lugha ya kufundishia yameendelea tangu mwaka 1982, na pengine yataendelea. Lakini mwanafunzi aliyemo darasani sasa atafanya mtihani wake kabla mabishano hayajakwisha, na cheti atakachopewa atakuwa nacho maisha yake yote. Neno moja la Kiswahili lisemwalo mahali pake leo lamfaa kuliko sera itakayokuja akiwa amekwisha kuondoka.